Asilimia 3 Nairobi, nusu ya maji kijijini: jinsi mkato wa bajeti ya 2024/25 unavyoshuka hadi visiwa vya Lamu

Tarehe 26 Juni 2024, siku moja baada ya waandamanaji kuingia kwenye majengo ya Bunge, Rais William Ruto alikataa kuutia sahihi Mswada wa Fedha wa mwaka huo. Mswada ulipoanguka, zilianguka nao takriban shilingi bilioni 346 ambazo serikali kuu ilikuwa imeshazihesabu. Kaunti zote 47 wakati huo zilikuwa katika siku za mwisho za kupitisha bajeti zao, maana sheria inazitaka zimalize kufikia tarehe 30 Juni, na hesabu zao zilikuwa zimejengwa juu ya mgao wa shilingi bilioni 400.1 kwa kaunti zote kwa pamoja. Serikali kuu ikapendekeza mgao huo ushushwe hadi bilioni 380. Bunge la Taifa likaridhia, Seneti ikagoma, ikaundwa kamati ya upatanishi, na mvutano ukaendelea hadi mwishoni mwa 2024 ndipo pande mbili zikakutana kwenye bilioni 387.425.

Kwa hesabu ya Nairobi, mkato ni bilioni 12.7 kati ya 400.1, yaani asilimia 3 na nukta kidogo. Mtu akiisikia redioni, asilimia 3 haimkoseshi usingizi. Lakini mkato wa bajeti haugawanyiki sawasawa unaposhuka. Kila ngazi ina matumizi yasiyogusika, na hayo yasiyogusika husukuma mzigo wote kwa yale yaliyobaki. Katika kaunti ndogo yenye vijiji vya visiwani, asilimia 3 hiyo inaweza kufika kijijini ikiwa imeshakuwa nusu ya maji ya kunywa. Tuifuate ngazi kwa ngazi.

Lamu inaanza na kidogo

Katika mwaka wa fedha wa 2021/22, kaunti zilipogawiwa bilioni 370, Lamu ilipata takriban bilioni 3.1, kiasi cha chini kabisa kati ya kaunti zote. Kilifi, jirani yake wa kusini ng'ambo ya Tana River, ilipata takriban bilioni 11.6. Sababu kubwa ni idadi ya watu: sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 Lamu, na zaidi ya milioni 1.4 Kilifi. Fomula ya kugawa pesa hizo wakati huo ilitenga asilimia 20 igawanywe sawa kwa kila kaunti, na bila hiyo Lamu ingepata kidogo zaidi.

Haki ya watu wachache kupata pesa chache inaeleweka. Lisiloeleweka kwa urahisi na wanaopanga bajeti wakiwa mbali ni kwamba gharama za kuendesha kaunti hazipungui kwa kadiri ileile. Lamu ina gavana, bunge la kaunti la wadi 10, bodi ya utumishi, hazina, hospitali na idara kama kaunti nyingine. Boti ya kubebea mgonjwa kutoka Kizingitini hadi hospitali ya Lamu inakunywa petroli ileile hata kama kisiwa kina watu wachache. Mapato ya ndani, yaani leseni za biashara, ada za soko na zile zinazotegemea watalii, ni sehemu ndogo ya bajeti, kwa hiyo hakuna pengine pa kuziba pengo.

Sasa, bilioni 12.7 zikiondolewa kwenye mgao wa taifa, fungu la Lamu ndani ya mkato huo, kwa uwiano wa fomula, ni zaidi kidogo ya shilingi milioni 100. Kwa Kilifi hasara ni kubwa zaidi kwa shilingi, lakini Kilifi ina miradi mingi ya kusogeza huku na kule. Lamu haina nafasi hiyo.

Milioni 100 zinatoka wapi?

Hapa ndipo asilimia inapoanza kuvimba. Kanuni za fedha za umma za 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti, lakini hata kaunti iliyovuka kiwango hicho haiwezi kumwambia muuguzi katikati ya mwaka kwamba mshahara wake umepungua kwa asilimia 3. Mishahara inabaki palepale. Matumizi ya bunge la kaunti yana ulinzi wake, kwa sababu wanaopitisha bajeti ya ziada, ile inayorekebisha bajeti katikati ya mwaka, ndio haohao. Umeme, mafuta ya magari na boti, na bima za wafanyakazi vinaweza kubanwa kidogo tu kabla ofisi hazijasimama.

Kinachobaki ni fedha za maendeleo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti, kwa muda wa kati, iende kwenye maendeleo. Tukichukua ile bilioni 3.1 kama msingi wa hesabu, asilimia 30 yake ni milioni 930. Milioni 100 zikitolewa zote humo, mkato si asilimia 3 tena bali ni karibu asilimia 11.

Ndani ya maendeleo nako kuna foleni. Mbele kabisa wamesimama wanakandarasi wanaodai kazi za miaka iliyopita, ambao Msimamizi wa Bajeti anataka walipwe kabla ya kazi mpya. Nyuma yao ni miradi iliyotiwa sahihi tayari, ambayo kuivunja ni kukaribisha kesi. Tuseme makundi hayo mawili yanachukua nusu ya fedha za maendeleo. Inabaki milioni 465, na milioni 100 kati ya hizo ni zaidi ya moja ya tano. Mradi mpya, ambao haujatangazwa zabuni, ndio unaobeba mzigo huo.

Tujiulize basi ni miradi ya wapi ambayo mara nyingi haijatangazwa zabuni mwaka ukifika katikati. Mhandisi anayetakiwa kupima kiwanja na kuandika BQ, yaani orodha ya vifaa na kazi pamoja na bei zake, anafika Hindi au Mpeketoni, upande wa bara, kwa gari na kurudi siku hiyohiyo. Kwenda Ndau, Kiwayu au Mbwajumwali kunataka boti, mafuta na posho ya kulala, na vitu hivyo vitatu hutoka kwenye matumizi ya kawaida, yaliyobanwa kwanza. Makaratasi ya bara yanatangulia na ya visiwani yanachelewa. Bajeti ya ziada ikija, huo uchelewaji unasomwa kana kwamba mradi si wa haraka.

Hali ya vijiji vya Waboni katika wadi ya Basuba ni nzito zaidi. Zahanati na shule huko zilifungwa kwa miaka kwa sababu ya usalama, na kwa hiyo pesa zilizotengwa hazikuweza kutumika. Kwenye vitabu, idara yenye pesa zisizotumika inaonekana haikuzihitaji, na mwaka unaofuata inapunguziwa. Tunaliona hili kuwa kosa la kimsingi katika kupanga, kwa sababu kiwango cha matumizi kinapima ugumu wa kufika mahali, na watu walioko huko hawakuacha kuugua.

Mradi mmoja kwa karibu: jabia

Mradi tunaoueleza hapa ni wa hesabu, si wa kijiji fulani, lakini kila mtu wa Pate, Ndau au Kiwayu ataujua. Jabia, yaani mahali pa kukinga na kuhifadhi maji ya mvua, ina sehemu mbili kubwa. Ya kwanza ni sakafu pana ya zege iliyoinamishwa kidogo, yenye ukingo, inayokinga mvua. Ya pili ni birika lililochimbwa chini, lenye kuta na dari ya zege la nondo, na kati ya sakafu na birika kuna kichujio cha kokoto na mchanga. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kinachopotea kwa kufyonzwa, kurukia nje na kukauka huhesabiwa kuwa moja ya tano.

Tuseme kijiji kina nyumba 100 zenye watu watano kila moja, na kila mtu ahesabiwe lita 5 kwa siku za kunywa na kupikia tu. Hizo ni lita 2,500 kwa siku. Sakafu ya mita za mraba 600, masika ikishusha milimita 500, inaingiza lita 240,000. Birika la mita 15 kwa 8, kina mita 2.5, linabeba lita 300,000, kwa hiyo maji yote yanaingia na nafasi ya mvua za vuli inabaki. Kijiji kina maji ya siku 96.

Mradi huu ukipunguziwa moja ya tano ya fedha, ni nini kinachokatwa? Birika halikatiki, kwani nusu ya birika ni shimo tu. Dari haikatiki, maana maji yasiyofunikwa huota mbu na mwani. Inayokatwa ni sakafu, kwa sababu ni kazi ya mwisho na kwenye mchoro inaonekana kama uwanja mtupu. Inamwagwa mita za mraba 300 badala ya 600. Maji yanayoingia yanashuka hadi lita 120,000, siku 48, ndani ya birika la lita 300,000. Pesa zimepungua kwa moja ya tano na maji yamepungua kwa nusu. Kiwango kilichotoka Nairobi kikiwa asilimia 3 kimeishia hapo.

Kwenye ripoti ya mwisho wa mwaka mradi utaandikwa umekamilika, na hilo si uongo wa moja kwa moja: birika lipo, sakafu ipo, limezinduliwa. Pengo linaonekana msimu wa upepo wa kaskazi unapokauka na wanawake wanaanza kununua maji ya mitungi yaliyoletwa kwa mashua. Gharama haikuondoka. Imehama kutoka kitabu cha kaunti kwenda mfuko wa nyumba.

Kuna na ubora. Sakafu ya mita 600 yenye unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 60 za zege. Kwa mchanganyo wa moja kwa mbili kwa nne, inataka mifuko 380 hivi ya simiti ya kilo 50, mita za ujazo 27 za mchanga na 54 za kokoto. Uzito wote ni kama tani 140. Kwa mashua ya tani 10 ni safari 14, kila mzigo ukishushwa Mokowe, gati la upande wa bara, ukapakiwa, ukashushwa tena kijijini na kubebwa kwa punda. Juu ya hayo, zege hilo linataka karibu lita 11,000 za maji matamu ya kuchanganyia, mbali na ya kulinyeshea, mahali ambapo mradi unajengwa kwa sababu maji matamu hayapo.

Mwanakandarasi aliyepunguziwa bei, au anayejua atalipwa mwaka unaofuata, anatafuta pa kubana. Anachota mchanga wa ufukweni, anatumia maji ya kisima chenye chumvi, na anaponda mawe ya matumbawe badala ya kununua kokoto ya bara. Chumvi ndani ya zege huvunja utando unaoilinda nondo, nondo ikashika kutu, kutu ikavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Hilo haliji siku ya kukabidhi mradi. Huja baadaye, birika linapoanza kuvuja na maji yaliyobaki kubadilika ladha. Kwa hiyo kamati ya maji ya kijiji ikague vitu viwili kabla kazi haijaanza: mchanga umetoka wapi, na maji ya kuchanganyia ni yapi. Mkaguzi asimame pale mashua inaposhusha, kwa sababu mchanga ukishachanganywa haujulikani tena kwa macho.

Kalenda ya pesa na kalenda ya pepo

Mwaka wa fedha unaanza Julai na kufunga Juni. Bahari ya Lamu haiendi kwa kalenda hiyo. Kusi huanza kuvuma Aprili au Mei hadi Septemba, na miezi hiyohiyo ya mwanzo ndiyo ya masika. Wakati mzuri wa kupeleka mzigo na kumwaga zege visiwani ni baada ya vuli hadi Machi, kukiwa kukavu na bahari imetulia. Hata hapo vijito vya kuingilia Siyu na Pate vinataka maji yajae, kwa hiyo chombo chenye shehena nzito husubiri bamvua, siku za maji kujaa sana.

Bajeti ikipita Juni na pesa zikatoka kwa wakati, zabuni zinaweza kumalizika kufikia Novemba na ujenzi ukaenda na kaskazi. Mwaka wa 2024/25 haukuwa hivyo. Kiwango cha mgao chenyewe hakikujulikana kwa miezi, na hakuna ofisa mwangalifu anayetangaza zabuni ya pesa ambazo huenda zikakatwa.

Bajeti ya ziada ikipitishwa, tuseme, katikati ya Machi, hesabu ya siku ni hii. Zabuni ya wazi inatangazwa kwa siku zisizopungua 7. Tathmini ina hadi siku 30. Baada ya mshindi kujulishwa lazima zipite siku 14 kabla ya kutia sahihi, ili aliyeshindwa apate nafasi ya kulalamika. Hizo ni siku 51 bila kuhesabu siku za kuandaa BQ. Kazi inaanza Mei, mvua zikinyesha na kusi ikivuma, na vitabu vinafungwa tarehe 30 Juni. Pesa ambazo hazijatumika hurudi kwenye mfuko wa mapato wa kaunti na kibali chake huisha. Mradi uliokoka mkato kwenye makaratasi unakufa kwa tarehe.

Anayeukimbiza mwaka huharibu kazi. Zege linataka linyeshewe maji angalau siku 7, chini ya magunia mabichi, hasa penye jua na upepo mkali. Sakafu pana inataka viungo kila mita tatu au nne ili ipasuke pale palipopangwa. Vyote viwili huchukua siku, na siku ndizo zilizokosekana. Ufa wa kwanza kwenye sakafu ya jabia ndio mlango wa maji kupotea.

Kwingineko athari ni nyepesi kueleza. Zahanati hupata dawa kwa maagizo ya robo mwaka, na kaunti yenye deni KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa, huletewa pungufu. Maofisa wa uvuvi na kilimo wanabaki na mishahara bila mafuta, kwa hiyo hawaendi vijijini ingawa kwenye hesabu idara ipo. Mfuko wa Usawazishaji, ambao Katiba inautengea asilimia 0.5 ya mapato ya taifa kwa maeneo yaliyosahauliwa, Lamu ikiwemo tangu orodha ya kwanza ya kaunti 14, ulikusudiwa kwa maji, barabara, afya na umeme, lakini pesa zake zimetoka polepole mno kuweza kuziba pengo la mwaka mmoja.

Mahali pa kuushika

Ofisa mhasibu haruhusiwi kuhamisha pesa za maendeleo kwenda matumizi ya kawaida kwa hiari yake. Lazima apitie bunge la kaunti, na hiyo njia ni bajeti ya ziada. Ibara ya 201 ya Katiba inataka uwazi na ushiriki wa wananchi katika masuala ya fedha, na haikusema ni kwa bajeti ya Juni peke yake. Kijiji kinachohudhuria kikao cha maoni cha kwanza, kikaona jabia yake kwenye kitabu na kurudi nyumbani, kimekwenda kwenye kikao kimoja kati ya viwili.

Katika kitabu cha bajeti ya ziada, tazameni safu mbili: makadirio yaliyoidhinishwa na makadirio yaliyorekebishwa. Mradi wenu ukiwa na tarakimu safu ya kwanza na sufuri ya pili, umefutwa. Ukiwa umepungua, ulizeni BQ mpya, kwa sababu lazima kuna kitu kilichoondolewa kwenye mchoro. Angalieni pia mistari isiyo na jina la mahali, ile iliyoandikwa "kaunti nzima". Pesa zilizotoka kwenye mradi wenye jina la kijiji zikaingia kwenye mstari usio na jina haziwezi kufuatiliwa na mtu yeyote, hata na mwakilishi wadi mwenye nia njema. Halafu fungueni kurasa za matumizi ya kawaida mtazame safari, mafunzo, uchapishaji na ukarimu. Kama hizo hazikupungua huku maendeleo yakipungua, hapo ndipo pa kujenga hoja.

Hoja yenyewe iwe ya kiufundi. Badala ya kulalamika kwamba kisiwa kimedhulumiwa, semeni: sakafu ikikatwa nusu, maji yanatoka siku 96 hadi 48. Kama lazima kukatwe, ni bora kuahirisha mradi mmoja wote na kukamilisha mwingine kuliko kunyofoa kila mmoja kidogo, na miradi ya visiwani itangazwe zabuni kwanza, si mwisho, kwa sababu msimu wake ni mfupi. Hoja hiyo inaweza kuandikwa kama ombi rasmi kwa bunge la kaunti, haki iliyomo katika Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012.

Tarehe za kushika ni chache. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, na mradi usiomo humo ni vigumu kuuingiza baadaye. Waraka wa mkakati wa fedha, unaoweka kiwango cha kila idara, huwasilishwa kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio kamili kufikia tarehe 30 Aprili. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi la maandishi. Kwa hiyo barua ya kuomba BQ, tarehe ya zabuni na kiasi kilicholipwa, ikipokelewa na kupigwa muhuri kufikia tarehe 7 Februari, inapaswa kuwa imejibiwa kufikia siku ya mwisho ya kuwasilisha waraka huo wa mkakati.